Zulia hulipendi na haliwezi kutoka? Anza nalo, ukuta utafuata

Kama umehamia nyumba ukakuta zulia limebandikwa ukuta kwa ukuta, rangi yake huipendi hata kidogo na kulitoa haiwezekani, labda ni nyumba ya kupanga, labda hela yote imeishia kwenye kuhama, mi nakuelewa kabisa maana nimeishi nalo. Langu lilikuwa damu ya mzee. Sebule nzima mpaka koridoni. Mwenye nyumba akasema ukuta paka rangi yoyote unayotaka ila zulia lisiguswe.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikapaka nyeupe. Si ndo tunaambiwa nyeupe haigombani na kitu? Nyeupe kali, ya karatasi. Nikapaka wikiendi nzima, Jumapili jioni nikawasha taa nikasimama mlangoni, na nawaambia sikuona ukuta wala kochi, niliona zulia tu. Limekuwa jekundu kuliko lilivyokuwa Ijumaa! Asubuhi jua likaingia likapiga sakafuni, ukuta wangu ule mweupe kuanzia usawa wa magoti kushuka chini ukawa na upinki fulani, kama shuka iliyofuliwa pamoja na nguo inayochuja. Zulia likipigwa na mwanga linarusha rangi yake juu, na ukuta mweupe unaipokea yote. Halafu jicho la mtu siku zote linakimbilia pale penye tofauti kubwa, kwa hiyo ukiweka weupe mkali juu ya zulia la giza ni kama umelipigia mstari.

Haya mambo yalishagunduliwa zamani. Kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye karakana ya Gobelins kule Paris, wanakofuma yale mazulia ya kutundika ukutani, sasa watu wakawa wanalalamika kwamba uzi mweusi haukolei. Akauchunguza, akakuta uzi hauna shida, shida ni kwamba umefumwa katikati ya bluu na zambarau. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake marefu kuhusu hilo, kwamba rangi unavyoiona inategemea imekaa na nani. Mimi nilivyolielewa hili ndo nikaacha kuhangaika na zulia nikaanza kulitafutia majirani.

Lakini huwezi kulitafutia jirani kama hujui lenyewe ni rangi gani hasa, na hapa ndo naomba usiwe na haraka. Nilipiga magoti kwenye kona nyuma ya mlango, sehemu ambayo haikanyagwi, nikayatenganisha manyoya ya zulia kwa vidole viwili nikamulika na tochi ya simu. Ukiwa umesimama unaona damu ya mzee moja tu, ila kule ndani kulikuwa na nyuzi za kahawia kama udongo wa kuchoma, nyingi tu, na chache za zambarau iliyofifia. Nikalaza karatasi nyeupe ya printa pembeni ndo ikajitokeza vizuri, lile zulia lilikuwa linaegemea kwenye udongo, haliegemei kwenye bluu. Nikajua pia kwa nini kile kijivu nilichojaribu kwenye kipande cha ukuta kilikaa kama saruji mbichi, kijivu chenyewe kilikuwa na bluu ndani yake, hawaelewani hawa wawili.

Nikaishia kwenye rangi ya mchanga mkavu, beji yenye ukijivu kidogo lakini ya joto. Na sikuichagua kwenye kile kikadi cha dukani, kikadi ni kidogo mno, kinakudanganya. Nilichukua boksi nikakata vipande vikubwa, nikapaka kila kipande mara mbili nikaacha kikauke kabisa kwa sababu rangi mbichi na kavu hazifanani, halafu nikavisimamisha ukutani vikiwa vimegusa zulia. Visimamishe, usivilaze, maana mwanga unavyopiga ukuta sivyo unavyopiga sakafu. Viangalie asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewaka. Kuna kipande kimoja nilikipenda sana mchana, usiku kikageuka pichi, nikashukuru kwamba hakipo ukuta mzima.

Kama chumba chako kina giza, angalia namba ya LRV, kampuni nyingi za rangi wanaiandika, inaanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 100 ambayo ni nyeupe, inakuonyesha ukuta utarudisha mwanga kiasi gani. Zulia langu lilikuwa linameza mwanga wote, nikachagua rangi ya kwenye 60 hivi, ikatosha kuangaza bila kurudi kule kwenye weupe unaopiga kelele.

Sasa mapambo. Hapa ndo zulia lilipoacha kuonekana kama ajali. Rangi ile usiiache chini peke yake, ipandishe juu sehemu mbili tatu: mto mmoja kwenye kochi, picha yenye michirizi ya rangi hiyo, labda chombo cha maua. Mtu akiingia jicho linapita kutoka sakafuni mpaka kwenye picha, anaona umekusudia. Ila usizidishe, sebule ikijaa damu ya mzee utakuwa umelisaidia zulia kukushinda. Mapazia nikachukua yanayokaribiana na ukuta, marefu mpaka chini. Katikati nikatandika mkeka mkubwa wa mkonge juu ya zulia, mkubwa kweli, miguu ya mbele ya kochi iwe juu yake, mdogo unaonekana kama kiraka tu na unakunjamana kila ukipita. Kijani niliweka kwenye mimea tu, kwa sababu kijani kingi karibu na nyekundu kinaifanya iwe nyekundu zaidi, ni yaleyale ya Chevreul.

Wenye mazulia mengine niwaguse kidogo. La kijani, kimbia ukuta wa pinki, krimu na mbao za kahawia zinalituliza. La bluu, mbao zenye uchungwa sana zitalifanya lirukeruke, ukuta wenye bluu-kijani iliyofifia au kijivu unalipoza. La pichi linakubali kijani kimya, kile cha majani yaliyokauka. Na wewe wa beji iliyoanza kuwa njano, nakusihi, nyeupe kali usithubutu! Zulia safi litaonekana chafu hata kama umelisafisha jana, tafuta nyeupe yenye tone la njano ndani.

Na kabla hujafungua kopo lolote angalia balbu zako. Mimi nilikuwa na zile za 6500K (hiyo K inaonyesha rangi ya mwanga wa balbu), mwanga wa bluu-bluu, zulia lilikuwa linageuka kama ini. Nikaweka za 2700K, mwanga wa njano-njano, na zenye CRI ya 90 kwenda juu, hii CRI ndo inayosema rangi zitaonekana kwa uhalisia kiasi gani, na usiku huohuo zile nyuzi za kahawia zikatoka bila tochi. Kwa hiyo kama hela yako ya mwezi huu inatosha vitu viwili tu, badilisha balbu, nunua na ule mto mmoja, ukae navyo wiki nzima halafu ndo utoke kwenda kutafuta rangi.