Soma Tiketi ya Ndege kwa Saa za Nyumbani

Mara ya kwanza kufuata mzigo Guangzhou, China, ndege iliniacha. Tiketi ilisema tarehe 15, saa 00:45. Nikapanda basi Tanga asubuhi ya tarehe 15, nikijua usiku napaa. Kumbe ndege ilishaondoka usiku uliotangulia, mimi nimelala kwangu Ngamiani. Nililipia upya, na fedha ile ilitoka kwenye mtaji wa vitenge. Iliniuma sana.

Sisi watu wa pwani hili si geni kwetu. Wazee wakisema usiku wa Ijumaa, wanakusudia Alhamisi jua likishazama. Basi ukiona 00, 01 au 02 kwenye tiketi, sema kwa sauti: "usiku wa kuamkia tarehe 15." Hiyo 00:45 ni saa saba kasorobo usiku, maana yake tarehe 14, saa tatu na nusu usiku, uwe umeshafika uwanja wa ndege wa Dar, pale Kipawa.

Jambo la pili ni muda wa safari. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Safari nyingine, ambayo sikuachwa, ndege yangu ilitoka Dar 00:45 ya tarehe 15, ikafika Dubai 07:15. Ukitoa harakaharaka unapata saa sita na nusu, lakini Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo ni saa tano na nusu, kwa mwendo wa karibu kilomita 4,000. Dubai tukaondoka 10:40, tukatua Guangzhou 21:50. China wako mbele ya Dubai kwa saa nne, hivyo zile saa 11 na dakika 10 zinabaki saba na dakika 10.

Mimi sasa kila kitu nakigeuza kuwa saa za Tanzania kabla sijalipa. Guangzhou 21:50, toa tano: 16:50, yaani saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni kwetu. Safari hiyo, basi nililipanda stendi ya Kange, Tanga, saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 14. Hizo ni saa 35 kasoro dakika 10, na angani nilikaa 12 na dakika 40 tu! Zilizobaki ni barabara ya Segera na Chalinze, pamoja na kusubiri. Mama anayetumia dawa kwa saa, au anayesafiri na mtoto, apange kwa zile 35.

Kurudi kunachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu upepo wa juu unavuma kutoka magharibi, na ndege inakwenda kinyume nao. Tulitoka Guangzhou 00:15, tukafika Dubai 04:50. Ongeza zile saa nne: ni saa nane na dakika 35. Ndiyo maana nikishatua Dar silipandi basi la Tanga siku hiyo. Nalala kwa dada yangu, naondoka asubuhi.