Gari dogo nyuma ya motahomu: anza na breki, chuma kitafuata

Wengi wanaotaka kukokota gari dogo nyuma ya motahomu (gari kubwa lenye makazi ndani) huanza kwa kuulizia chuma cha kukokotea: kipi chepesi, kipi kinakunjika vizuri. Hayo ni ya baadaye. Maswali mawili yatangulie. Gari lenu linaruhusiwa kukokotwa magurudumu yote manne yakiwa barabarani? Na motahomu inatumia breki za upepo au za mafuta? Ukishayajibu, sehemu kubwa ya vifaa vilivyopo sokoni itakuwa imeshajiondoa yenyewe.

Jibu la kwanza limo kwenye kitabu cha gari, tena kitabu cha mwaka uleule wa gari. Giaboksi nyingi za otomatiki hupakwa mafuta na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo imelala, lakini magurudumu yanaendelea kuzungusha shafti za ndani. Vyuma vinasagana vikavu, na wewe uko mbele kwenye usukani, husikii harufu wala mlio. Mwaka una maana kubwa hapa. Honda CR-V za otomatiki hadi za 2014 zilikuwa zikikokotwa, mradi ufuate hatua za kuwasha injini na kupitisha gia kabla ya safari. Toleo la 2015 lilipokuja na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ruhusa ikaisha. Jeep Wrangler nayo huwachanganya watu: giaboksi ndogo ya foo-wili (inayogawa nguvu kwa magurudumu yote manne) ndiyo inayowekwa nyutro, na ile kubwa ya otomatiki inabaki kwenye P (paki). Ukizibadilisha, magurudumu yanazungusha giaboksi kubwa isiyopata mafuta. Wala usidhani gia za mkono ni ruhusa tosha, kwa kuwa baadhi ya giaboksi hizo hutegemea shafti inayozungushwa na injini kurushia mafuta juu. Fundi akikwambia "weka nyutro tu, itakwenda", mwombe akuonyeshe ukurasa wa kitabu.

Uzito haukisiwi. Peleka motahomu kwenye mizani ikiwa na maji, mafuta, watu na mizigo yote, kisha toa uzito huo kwenye kikomo cha msafara mzima alichoweka mtengenezaji. Tuseme kikomo ni kilo 11,800 na motahomu imepima 9,900: zimebaki 1,900 za gari, na baiskeli ulizotupia kwenye buti zimo humohumo. Halafu soma bamba la kila kipande: tundu la hichi (kiungo cha kukokotea) nyuma ya motahomu, adapta, chuma chenyewe, bracketi iliyofungwa kwenye gari, minyororo. Kinachotawala ni kile chenye namba ndogo kuliko vyote. Chuma cha kilo 4,500 kwenye hichi ya kilo 2,270 ni cha kilo 2,270. Adapta ya kushusha kimo ndiyo husahaulika, na mara nyingi namba yake iko chini ya ya hichi.

Sasa breki. Gari la kilo 1,600 likiwa kwenye kilomita 90 kwa saa lina nishati ya jouli 500,000 hivi. Pandisha mwendo hadi 110 na inakaribia 750,000, nusu nzima zaidi kwa kilomita 20 tu. Gari lisipojifungia breki lenyewe, joto lote hilo linabebwa na diski za motahomu, ambazo tayari zina tani kadhaa za kushughulika nazo. Kwenye mteremko mrefu pedi huchoka, mafuta ya breki yakichemka pedeli inazama hadi chini, na kwenye kona gari dogo husukuma mkia wa motahomu kwenda nje. Kwa hiyo hoja ya "motahomu yangu ina breki kubwa" haina uzito. Sheria nazo zina mipaka yake: Ulaya, kwa mfano, trela linaloruhusiwa kuzidi kilo 750 na mzigo wake lazima liwe na breki zake.

Kama motahomu ina breki za upepo, chagua mfumo unaochukua upepo hukohuko na kuusukuma kwenye silinda ndogo inayovuta pedeli ya gari. Ukikanyaga kidogo, gari nalo linafunga kidogo. Ukikanyaga sana, linafunga sana. Hakuna kukisia. Kwa motahomu za breki za mafuta kuna mifumo ya kufungwa kwa kudumu kwenye gari, yenye pampu yake ya vakyumu au kompresa, na kuna masanduku ya kuweka mbele ya kiti cha dereva ambayo huhisi msafara unapopunguza mwendo na kusukuma pedeli kwa mkono wa chuma. Sanduku lina sifa moja kubwa: ukibadilisha gari, unahama nalo. Ila linafungwa upya kila safari, na matatizo mengi huanzia hapo. Kwa anayesafiri mara kwa mara na gari lilelile, tungeshauri mfumo wa kudumu bila kusita.

Kosa la kwanza la sanduku ni kiti. Kikiachwa na nafasi, sanduku linajisukuma lenyewe kurudi nyuma badala ya kukanyaga pedeli. Kikibanwa kupita kiasi, pedeli inabaki imekanyagwa kwa unene wa kucha, na kucha hiyo inatosha kupika diski safari nzima. Kosa la pili ni sevo ya breki, yaani kifaa kinachotumia vakyumu kuongeza nguvu ya mguu. Injini ikizimwa, ndani ya sevo hubaki vakyumu ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedeli inakuwa ngumu. Masanduku mengi yamekusudiwa pedeli ngumu, kwa hiyo kanyaga mara nne au tano hadi ikaze, ndipo ulifunge na kupima nguvu yake. Ukipima sevo ikiwa bado hai, utaweka nguvu ambayo baadaye haitatosha. Magari ya haibridi na ya umeme ni habari nyingine: kwa baadhi, msaada wa breki hauzimiki, na sanduku lisilo na mpangilio wa kuyahudumia litayafungisha breki kwa kishindo.

Taa ya onyo mbele ya dereva wa motahomu usiiache. Iunganishe na swichi ya pedeli ya gari, si na sanduku, ili ikuambie pedeli inafanya nini kweli. Ikiwaka na hujakanyaga breki, simama. Hata isipowaka, simama baada ya kilomita 10 za mwanzo na upitishe mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Uvuguvugu si tatizo. Ukilazimika kurudisha mkono, breki zinashika.

Swichi ya dharura ndiyo inayolifungia gari breki likichomoka. Waya wake ufungwe kwenye chesi ya motahomu, kamwe si kwenye chuma cha kukokotea wala adapta, maana vikichomoka vyote pamoja na gari, pini haitavutwa. Uache ulegevu wa kutosha kona. Ijaribu: chomoa pini kwa mkono ukiwa umeshaunganisha, mtu asogeze motahomu polepole mbele. Magurudumu ya gari yakizunguka, hiyo swichi ni pambo.

Kwenye chuma kuna machache. Kinachobaki kwenye motahomu ni bora kuliko kinachobaki kwenye bampa ya gari, kwa sababu mikono yake hurefuka na kujilenga yenyewe, huhitaji kuegesha kwa milimita. Lipia pia lachi (kufuli za mikono hiyo) zinazofunguka hata zikiwa na mkazo. Za kawaida hung'ang'ania ukisimama kwenye mteremko au ukiwa umekata kona, na watu huishia kuzigonga kwa nyundo. Pima kimo kutoka chini hadi katikati ya tundu la hichi, kisha hadi kwenye bracketi ya gari. Tofauti isizidi sentimita 7 hadi 10. Ikizidi, tafuta adapta. Chuma kikiinama sana, breki zikishikwa gari husukuma kwa pembe badala ya kusukuma moja kwa moja: upande mmoja unanyanyuka, mwingine unakandamizwa.

Bracketi hufungwa kwenye chesi ya gari, na bolti zake hukazwa kwa spana ya toki (inayopima mkazo) na gundi ya nyuzi za bolti. Baada ya safari ya kwanza rudi chini ya gari uzikague. Minyororo ipishane chini ya chuma kama herufi X, isiburute. Waya za taa zipitie daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ili umeme wa motahomu usirudi kwenye mfumo wa gari. Ufunguo ukibaki umewashwa kwa ajili ya kulegeza kufuli la usukani, betri huisha njiani, hivyo weka waya wa kuichaji kutoka kwenye motahomu, au chomoa fyuzi ambazo kitabu kinataja.

Ukiunganisha, sogeza motahomu mbele taratibu mpaka mikono yote miwili ilie "ka!" na kujifunga. Mlio mmoja hautoshi. Kisha hendibreki ya gari ishushwe, gia ziwe kama kitabu kinavyotaka, usukani uzunguke huru, na mtu asimame pembeni kuangalia magurudumu yote manne yakizunguka.

Kurudi nyuma hakuna, hata mita moja. Magurudumu ya mbele ya gari hujikata upande hadi mwisho, gari linageuka kuwa kabari, na kinachopinda ni mikono ya chuma au bracketi. Ukiingia kichochoro kisicho na pa kutokea, tenganisha hapohapo. Na ukitenganisha, ondoa sanduku kwenye pedeli kabla ya kuwasha injini ya gari: sevo ikiamka na mkono wa chuma bado umebana pale, gari halitasogea, na utadhani giaboksi imekufa.