Zaka, sadaka na darasa la kisomo cha watu wazima

SWALI: Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shehe, mtaani kwetu hapa Tanga kuna kikundi kinachofundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Wanafunzi wengi ni Waislamu, wapo na Wakristo, na wanaume na wanawake wako darasa moja. Kikundi kinaomba michango na walimu wa kujitolea. Nina akiba ya shilingi milioni 12 iliyotimiza mwaka, zaka yake laki 3. Je, naweza kuwapa zaka hiyo? Na nikifundisha siku mbili kwa wiki, ni sadaka? Nimeambiwa hiyo ni elimu ya dunia, haina thawabu.

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Hesabu yako ni sahihi: asilimia 2.5 ya milioni 12 ni laki 3, maadamu akiba yako imefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachopasa zaka, na mwaka ulioutimiza ni wa Hijria.

Zaka hiyo usiiweke kwenye mfuko wa kikundi. Mwenyezi Mungu amewataja wanaoistahiki katika Surat At-Tawba, aya ya 60, nao ni aina 8: mafakiri, masikini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wanaokombolewa, wenye madeni, walio katika njia ya Allah, na msafiri aliyeharibikiwa. Kodi ya chumba, chaki na posho ya mratibu hazimo. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la njia ya Allah likaingiza kazi za elimu na daawa, yaani kulingania dini, lakini kauli ya wengi, na ndiyo ya madhehebu ya Imamu Shafi tunayoifuata mwambao huu, ni kuwa zaka imilikiwe na mtu anayestahiki. Zaka ni nguzo, na kwa nguzo tunashika lililo salama zaidi.

Ila mlango haujafungwa, kwa sababu humo darasani wamo mafakiri na masikini wenyewe. Mama Muislamu anayeuza maandazi na pato lake halimtoshi chakula na kodi, huyo anastahiki kwa ufukara wake, awe anasoma au hasomi. Mwombe kiongozi wa darasa akuonyeshe wa namna hiyo, kisha uwape fedha mkononi. Si lazima umwambie kuwa ni zaka. Wala usimwekee sharti la kuhudhuria darasa, maana unampa haki yake, na haki haina sharti.

Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: wananunua madaftari au miwani kwa fedha ya zaka na kugawa. Zaka ya fedha taslimu kwa Shafi hutolewa fedha. Mpe anayestahiki fedha yake. Akikuambia, “Ninunulie miwani,” hapo unanunua kwa niaba yake na hakuna ubaya. Na miwani si jambo dogo. Mtu akivuka miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa kuona herufi ndogo za karibu. Wengi huacha kisomo wakijiona vichwa vyao vizito, kumbe hawaioni tofauti ya “n” na “m” kwenye ukurasa.

Ukitaka kikundi kikufikishie zaka, kifanye wakala wako: fedha ikae mbali na michango mingine, na urejeshewe orodha ya waliopokea na kiasi cha kila mmoja. Ikibaki kwenye akaunti yao, bado iko shingoni kwako. Na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, fungu la mafakiri na masikini ni la Waislamu.

Sadaka ya hiari ni pana kuliko hivyo. Wanafunzi Wakristo mnaoishi nao kwa wema hawazuiliwi nayo. Soma Surat Al-Mumtahana, aya ya 8. Kwa sadaka unaweza kulipa kodi ya chumba, taa, chaki, madaftari ya mistari mipana na nauli za walimu. Nauli za walimu hazipati wachangiaji kwa sababu hazipigiki picha, na darasa nyingi hufa hapo: mwalimu wa kujitolea akitoa nauli mfukoni miezi mitatu, wa nne haji. Ukitaka sadaka yenye kuendelea, weka wakfu, yaani toa kwa ajili ya Allah kisiuzwe wala kurithiwa, kitu kinachodumu, kama ubao au mabenchi ya kimo cha mtu mzima. Andika kwenye karatasi, mbele ya mashahidi, kuwa ni wakfu wa kufundishia, na kwamba darasa likifungwa vihamie darasa gani au madrasa gani. Bila maandishi hayo, benchi la wakfu huishia barazani kwa mtu.

Sasa hilo la elimu ya dunia. Aya za mwanzo kuteremka zimeanza na amri ya kusoma, zikataja kalamu. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamke kinachoandikwa, na asiyeweza, msimamizi wake atamke kwa niaba yake. Mtazame leo anayetia dole gumba kwenye karatasi ya mkopo asiyoweza kuisoma, au anayemtajia kijana wa kibandani namba yake ya siri ili amsomee ujumbe wa fedha kwenye simu. Kuhifadhi mali ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, na huyu hana cha kuihifadhia.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasiokuwa na fidia waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, kuandika. Ameipokea Imamu Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas. Walimu hao hawakuwa Waislamu, na waliwafundisha watoto wa Waislamu. Kwa hiyo kikundi kupokea msaada wa wasio Waislamu si kosa, maadamu hauna sharti la kuigusa dini ya mtu. Na katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaja Ash-Shifa binti Abdillah kuwa ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Hafsa ni mke wa Mtume. Anayesema kumfundisha mwanamke kuandika hakuna thawabu, na atazame hapo. Mtume amesema pia kwamba kila jema ni sadaka.

Kufundisha kwako, basi, ni sadaka, ila ni ahadi vilevile, na ahadi itaulizwa. Usiahidi siku mbili ikiwa shughuli zako zinakuruhusu moja. Mwanafunzi mtu mzima ameacha biashara na amemeza aibu mpaka kufika pale. Akikuta mlango umefungwa mara mbili, harudi tena.

Jambo moja la mwambao wetu ulijue kabla hujaanza. Wazee wengi utakaowapata wanasoma Msahafu vizuri. Usiwaite wasiojua kusoma. Hao wameshajua kuwa herufi ina sauti na kwamba sauti huunganishwa, na hiyo ndiyo nusu ngumu. Taabu yao iko kwengine. Wamezoea fataha, kasra na dhumma, yaani a, i na u. Kwa hiyo “e” wataisoma “i”, na “o” wataisoma “u”. Anza kwa irabu tano, ukae zaidi kwenye hizo mbili, kisha ba be bi bo bu, halafu maneno kama “baba” na “bei”. Herufi p, v, g na ch zipe siku zake, hazimo katika Kiarabu cha Msahafu. Waonyeshe kwa kidole kuwa mstari huanzia kushoto. Na kwa vile wamezoea kuhifadhi, watakusomea ukurasa mzima kwa kumbukumbu ya masikio. Ili ujue kama mtu anasoma kweli, mwandikie ubaoni neno ambalo hamkulifundisha, lenye silabi anazozijua.

Kuhusu wanaume na wanawake darasa moja, yenye stara zaidi ni kutenganisha saa: wanawake baina ya Adhuhuri na Alasiri, wanaume baada ya Isha. Chumba na mwalimu wakikosekana, wakae safu mbalimbali, mlango wazi, na mwalimu asibaki peke yake na mwanafunzi mmoja asiye maharimu wake, yaani ndugu wa karibu asiyeweza kuoana naye.

Kabla ya kutoa sadaka, kiombe kikundi cheti cha usajili, ujue akaunti ina watia saini wangapi, na uombe daftari la mahudhurio. Daftari litakueleza mengi kuliko ripoti. Majina yakipungua msimu wa kulima, ni kawaida, na dawa ni kusogeza ratiba. Yakipungua mwaka mzima, uliza mwalimu yuko wapi. Na wakitaka kuwapiga picha wanafunzi kuwaonyesha wafadhili, kila mwenye sura aombwe ruhusa, na akikataa asinyimwe chochote. Al-Baqara 264 inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi.

Ila uchunguzi huo usiicheleweshe zaka. Mwaka umeshatimia, na zaka ikishawajibika hutolewa. Kiongozi wa darasa asipokupa majina siku hizi, wape mafakiri walio jirani yako, kisha uende darasani na chaki na wakati wako.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.