Usikubali fundi aezue madarasa yote kwa mpigo

Mkuu, umesema shule yenu ni ya mwaka 1976, fedha za kukarabati madarasa manne zimeingia, na fundi anataka aezue yote Februari hii "amalize mara moja". Nakuomba mzuie. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule huku Tanga, na kosa hilohilo tulilifanya sisi.

Shule nyingi za rika hilo wananchi walizijenga kwa mikono yao baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakikimbizana na lengo la kila mtoto kuwa darasani ifikapo 1977. Kwetu mbao hazikutiwa dawa. Makadirio ya ukarabati nayo yaliandikwa mtu akiwa amesimama chini anatazama juu: mabati, lipu, rangi. Paa lilipofunguliwa ndipo tukaona kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa. Nilishika msumari wa inchi nne nikausukuma kwa kidole gumba kwenye mbao iliyokalia ukuta, ukazama hadi kichwani. Fedha ya kenchi haikuwamo. Masika yakatukuta madarasa manne yako wazi, na siku moja nikawakuta watoto wa la tano wamebanana barazani, madaftari wameyaficha ndani ya mashati yasilowe. Nikikumbuka naumia mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata bati moja, mwombeni mhandisi wa halmashauri apande juu achokonoe kila kenchi. Kama mmeezekwa kwa asbesto, yale mabamba ya zamani ya saruji, mwelezeni mapema, maana hayavunjwi kwa nyundo watoto wakiwa shuleni. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Kazi ya paa isubiri likizo ya Juni, masika yakiwa yamepita. Sasa hivi shughulikieni nyufa na sakafu, darasa moja moja. Fundi atawaambia sakafu ikipigwa leo keshokutwa watoto wanaingia. Msikubali, imwagiliwe maji siku saba, la sivyo miguu ya madawati itaichimba kabla mwaka haujaisha.

Darasa likifungwa, msiwarundike watoto kwa wenzao. Sisi tulijaribu, wakawa zaidi ya 100 chumba kimoja, na mwalimu hakuweza hata kupita kati ya madawati kusahihisha. Heri awamu mbili: la tatu asubuhi, la nne mchana, chumba kilekile. Mzazi aambiwe kwenye mkutano, siyo kwa barua anayopewa mtoto. La saba msiwahamishe kabisa, mtihani wao ni Septemba.

Kelele nazo muandikiane kwenye mkataba. Sisi tulikubaliana kugonga na kukata kuanze watoto wakishatoka, kabla ya hapo mafundi wachanganye udongo na kusomba mchanga. Fundi alinung'unika wiki ya kwanza, akazoea.

Jambo la mwisho, misumari ya kutu. Mabati yaking'olewa inatapakaa uwanja mzima, na watoto wengi wanakuja peku. Tulitoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, tukaifunga kamba, mlinzi akawa anaiburuta uwanjani kila jioni kabla ya kufunga geti. Siku ya kwanza alijaza kopo la rangi la lita nne.