Zuhura, njia ndiyo inayochagua chombo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mguu wa mama yako unamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anausahau. Salimu alipita jana na wanawe, wamemaliza embe zote na kuacha kokwa chini ya kitanda.

Swali lako nimelisoma mara mbili, ya tatu nikamsomea mama yako. Mnataka kununua kigari cha kumsukumia mtoto: kiwe cha mmoja, au mchukue cha wawili moja kwa moja, maana mkwe wangu anasema wa pili naye atakuja na bei za vitu hazirudi nyuma. Mama yako alicheka hadi akakohoa. Anasema mtoto hata hajazaliwa, kipimo kimeonyesha mmoja, huyo mwingine anayekatiwa tiketi ni nani? Lakini yeye usimsikilize sana. Wanne kawalea kwa mbeleko, kwa hiyo kigari kwake ni mkokoteni uliovishwa nguo.

Mimi simcheki mkwe wangu. Nimetengeneza baiskeli miaka 38 chini ya mwarobaini uleule, na kila aliyekuja kuniuliza anunue baiskeli gani nilimrudishia swali: unapita wapi? Njia ndiyo inayochagua chombo. Mwenye kupakia mkaa kutoka Pongwe na kijana anayekwenda Raskazone jioni kujionyesha hawafungi ringi moja.

Sasa njia yako naijua. Ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na nilipokuja ngazi zenu nilizihesabu: 54. Kigari chepesi cha mmoja ni kilo 7 au 8 kikiwa kitupu. Cha wawili kinafika kilo 12, vingine 15. Weka mtoto, weka mkoba, weka chupa ya maji, na mkwe wangu yuko kazini hadi usiku. Ukifika chini unakuta vigae vilivyong'oka, halafu mchanga mpaka barabarani. Magurudumu madogo ya plastiki ngumu mchanga unayala. Tafuta makubwa. Na yale ya mbele yanayojizungusha yenyewe yawe na kufuli, la sivyo kwenye mchanga yatakuvuta kama mbuzi asiyetaka kwenda machinjioni. Breki ibonyee kwa mguu na isikie. Mikanda imshike mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Na kiti kilale sawasawa kabisa, maana mtoto mchanga halazwi nusu-nusu. Mpaka afike kama miezi sita na aweze kujishikilia. Kitu kingine: usikifunike kigari kwa kanga kumkinga na jua. Humo ndani joto linapanda kama tanuri na wewe unadhani umemwekea kivuli.

Vile vya wawili viko vya namna mbili. Viti vikikaa ubavu kwa ubavu, upana wake mwingi unagombana na milango. Viti vikifuatana, mlango utapita, ila kigari kinakuwa kirefu kama mtumbwi na kukizungusha kwenye kona ya ngazi zenu ni kazi ya watu wawili. Kuna na cha tatu, ambacho kinauzwa kiti kimoja na fremu yake ina mahali pa kuongeza kiti baadaye. Hicho, nakiri, kilinifurahisha. Aliyekibuni ni fundi.

Hapo nilikuwa nimekwisha kukujibu, ningeweka kalamu. Lakini usiku sikulala vizuri. Wewe umeniuliza viti viwe vingapi. Mimi linalonisumbua ni jingine: siku mdogo akija, huyo mkubwa atakaa wapi?

Unalijua kovu lako, la kifundo cha mguu wa kushoto. Siku ya kupakwa hina waliuliza ndani limetokana na nini, ukasema ulikanyaga chupa ufukweni. Nilikuwa nje ya dirisha nafunga taa. Nilisikia. Sijui kama ulisema hivyo kunistahi au kwamba kweli huikumbuki siku ile.

Kile kiti cha mbao cha mbele, nilichokifunga kwenye bomba la baiskeli yangu ya Phoenix, kilikuwa chako. Nilikichonga ukiwa na miezi kumi. Ulikuwa unakaa katikati ya mikono yangu, kengele unapiga wewe, na watu wa Barabara ya 12 walitujua kwa hiyo kengele kabla hawajatuona. Kisha akazaliwa Salimu. Alipoanza kukaa vizuri, nikampa kile kiti. Sikufikiri hata kidogo. Mdogo anakaa mbele, mkubwa anahamia nyuma kwenye keria, ndivyo familia zote za Tanga zilivyofanya. Nikakunja gunia nikakuwekea, nikakwambia, "Wewe sasa mkubwa, shika shati la baba."

Ilikuwa Agosti 1996, kusi inavuma. Mama yako alikuwa Sahare kwa bibi yako aliyekuwa anaumwa, nami nikawapakia kuwapeleka, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata paka analala. Salimu mbele anapiga kengele. Wewe nyuma kimya. Njia ilikuwa nzuri, lami, sina cha kuisingizia. Tulipopita Chumbageni nikasikia kitu kwenye gurudumu: tak, tak, tak. Mimi, ambaye watu walikuwa wananiletea baiskeli nizisikilize tu bila kuzifungua, nikasema moyoni hilo ni kuti limenasa, au watoto wa Ngamiani wameniwekea tena kipande cha boksi kwenye spoki. Nikaongeza mwendo ili lichomoke.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili. Nimeiacha.

Ulikuwa umesinzia na mguu ukaning'inia. Gurudumu lilipokwama ndipo ulipolia. Spoki tatu zilikatika. Nyuzi saba walikushona, na mfupa, Alhamdulillah, ulikuwa salama. Mama yako alipofika hakunigombeza. Alimchukua Salimu, akakutazama umelala na bendeji lako, akaniuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyo mkubwa ana miaka mingapi?"

Miwili na miezi saba. Nilimjibu kama vile alikuwa hajui.

Kesho yake nilikata debe la mafuta ya kula, nikafunga bati pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Tangu hapo hakuna baiskeli ya mtu mwenye mtoto iliyotoka kwangu bila bati au wavu, anilipe asinilipe. Wenzangu walinicheka, wakaniita Fundi Debe. Unadhani jina lile lilitoka wapi? Wewe ulikuwa unaliona la kuchekesha, ukalipeleka hadi shuleni.

Basi nikirudi kwenye kigari. Kliniki watakwambia, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kwamba ukishajifungua usubiri angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Kur'ani nayo imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, kwa anayetaka kutimiza. Ongeza miezi tisa. Mkubwa atakuwa na miaka miwili na miezi tisa siku mdogo anazaliwa. Hapo mtu yeyote mwenye hesabu atasema: cha wawili cha nini? Huyo anatembea, anakimbia, anatumwa chumvi.

Ndivyo nilivyotaka kukuandikia. Halafu nikapiga hesabu nyingine. Miaka miwili na miezi tisa ni wewe wa siku ile, ukiongeza miezi miwili tu. Mtoto wa umri huo anatembea vizuri sana mpaka dukani, kisha anakaa katikati ya njia na kukwambia miguu imekwisha. Na saa nane mchana anasinzia popote alipo. Kwa hiyo cha wawili kina maana yake, na mkwe wangu hajakosea kama mama yako anavyodai.

Ila tena, kigari cha wawili kununuliwa leo, kiti cha pili kitakaa bure karibu miaka mitatu. Chombo kinachokaa kinaharibika kuliko kinachotumika. Gololi zisipozunguka zinaota kutu, na hewa ya bahari huko kwenu ni ileile ya huku. Utakuwa umepandisha kilo tano za hewa tupu ngazi 54, kila siku, na mshono wako, Mungu apishe mbali, kama mtu akijifungua kwa kisu. Siku mtoto wa pili anafika, kitambaa kimeliwa na panya. Na kuna vibao vya kusimamia vinavyofungwa nyuma ya kigari cha mmoja, mkubwa anasimama anashika, mama anasukuma. Nimeviona kwenye simu. Sijavipenda. Aliyesimama naye anasinzia.

Mama yako amenikataza nisiwaamulie. Anasema nyumba ni yenu, pesa ni zenu, na mkwe akishapata neno la baba mkwe hawezi tena kubadili mawazo bila kuona aibu. Kweli. Kwa hiyo sisemi. Njia ndiyo inayochagua chombo, na njia yenu ni ngazi. Lakini sisemi.

Utakapokuja kujifungulia hapa kwa arubaini, kigari hicho kitapita mlango wa uani au kitalala nje na kuku? Nimeupima leo kwa futi ya mama yako ya kushonea: sentimita 71, na bawaba ya juu imelegea. Bawaba nitaitengeneza. Ukuta siubomoi.

Kile kiti cha mbao bado kipo darini. Salimu alikiomba kwa wanawe, nikamwambia kina mwenyewe.

Mwambie mkwe wangu amenitumia picha nne na zote ni za kitambaa na rangi. Akigeuze kigari chini juu, apige picha ya ekseli na ya breki kwa karibu, kisha anipigie tuongee. Mama yako anauliza doti ya mbeleko unataka mpya, au aifue ile ya zamani. Ameshaanza kuifua.

Baba yako