Fundi Anajibu: Rangi Haizuii Maji

Masika ikianza, maswali ni yale yale ya mwaka jana. Nimechagua machache. Ninyi mnaouliza tu rangi ipi inaficha doa, msijifiche, mnajijua.

Ukuta wa sebule unatoa unga mweupe na rangi inabanduka kuanzia chini. Nimepaka upya mara mbili, doa linarudi. Nitumie rangi gani? (Kigamboni)

Hakuna rangi hiyo. Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali na plasta, yakikauka yanaiacha ukutani. Huku pwani hali ni mbaya zaidi kwa sababu wapo wanaojenga kwa mchanga wa baharini usiooshwa, na wapo waliobana hela ya ile karatasi ya nailoni inayotandikwa juu ya msingi. Rangi ya mafuta ndiyo inayoharibu kabisa: inafungia unyevu ndani, nao unatafuta njia juu zaidi.

Anza nje. Kama udongo au pevingi imefika usawa wa sakafu ya ndani, ishushe ibaki angalau sentimita 15 chini yake. Maji ya paa yasimwagikie kwenye mguu wa ukuta. Ndipo ubandue plasta iliyooza, upite nusu mita hivi juu ya doa, usubiri kiangazi ukuta ukauke, upige plasta mpya kwa mchanga wa mto. Skimu ya jipsam usiiweke hapo, inanyonya maji. Na muuza duka akikwambia kopo lake litamaliza kazi kwa saa moja, muulize kama atarudisha hela masika ijayo.

Koki ya jikoni inadondosha hata nikiikaza kwa nguvu. Ninunue nyingine? (Morogoro)

Huo mkazo wako ndio umemaliza mpira wa ndani. Funga maji, fungua kichwa cha koki kwa spana malaya, toa mpira uliochakaa uende nao dukani ukapate wa saizi ile ile. Tone moja kila sekunde linakaribia ndoo ya lita 20 kwa siku, na bili unalipa wewe.

Nimesema "funga maji" nikijua wengi wenu hamjui valvu kuu iko wapi. Mwenye nyumba hajui, mpangaji hajui, na fundi aliyeifukia kwa zege ameshahama mji. Kaitafute leo kabla bomba halijapasuka usiku wa manane. Ukiipata, ifunge na kuifungua kila baada ya miezi michache isije ikaganda.

Shikamoo fundi. Hita ya bafuni inapiga shoti kidogo tu. Nikivaa kandambili inatosha? (Tabata)

Marahaba. Haitoshi! Izime kwenye meni swichi sasa hivi, na hapo nyumbani asiiguse mtu.

Hakuna shoti kidogo kwa mtu aliyelowa maji. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24 kwenye umeme wetu wa volti 230. Nenda ukaangalie: mara nyingi utakuta imeunganishwa kwenye waya wa milimita 2.5 uliotoka kwenye soketi ya chumbani, na waya wa ethi umekatwa au umefungwa kwenye bomba la maji. Mabomba ya siku hizi ni plastiki, hiyo ethi inakwenda wapi? Hita inataka laini yake yenyewe kutoka meni swichi, waya wa milimita 6, breka yake, ethi iliyofika ardhini, na kifaa cha kukata umeme ukivuja miliampia 30. Kile kifaa kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi, kisipokata, kimekufa.

Kazi hii si ya kujifunzia. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na uombe kuiona. Vishoka ni rahisi siku ya kuwalipa tu.

Bati linavuja lakini sioni tundu. (Tanga)

Unatafuta juu ya doa. Maji yanaingia kwenye msumari, yanatembea na mbao, yanadondokea mbali. Ingia darini mchana wa jua kali uangalie wapi mwanga unapenya. Msumari ukiwa umelegea, ng'oa, weka skrubu nene kidogo yenye mpira. Na fundi akipigilia kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, mshushe. Ukipanda wewe, bati liwe kavu, na ukanyage kwenye mstari wa misumari, ndipo penye mbao.

Sinki limeziba, nimemwaga asidi halikufunguka. Niongeze jiki? (Mwanza)

Usithubutu. Asidi na jiki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na jikoni kwako hakuna pa kuikimbilia. Fungua madirisha, mwaga maji mengi ya baridi, utoke. Kesho, ukiwa umevaa glavu, weka ndoo chini, fungua ile kona ya bomba chini ya sinki, utoe mafuta ya maandazi yaliyoganda humo. Mafuta ya kukaangia yanatupwa kwenye chupa, hayamwagwi sinkini.

Mlango wa chumba umevimba haufungi. Niurande? (Tanga tena)

Subiri kiangazi. Ukiuranda sasa, Januari utakuwa unapitisha mijusi.