Mleta mada, hiyo orodha ya maana za "get" itakuponza

Mkuu, funga hilo daftari kwanza. Umeandika kwamba uko Mwanga, Kigoma, unataka kuanza kutembeza wageni Gombe, kule hifadhi ya sokwe, umeambiwa "get" ina maana zaidi ya mia, na unaomba zote uzikariri ndani ya wiki mbili. Ukaongeza matamshi, kamusi ya simu iliyo nzuri, na kama ni "got" au "gotten".

Nani kakutuma orodha? Maana huku Tabora alikuwepo mmoja wa tuisheni aliyetuambia "get ni pata, mengine mtayakuta mbele". Ada alichukua, sisi akatuachia Kiingereza cha kuombea maji. Na kwa "pata" yake hata hayo maji usingeletewa. Mimi hiyo "pata" nimeibeba miaka, kwa hiyo usinione mkali.

"Get" ni hamali wa stesheni. Usimkodolee macho usoni, tazama alichojitwika. Maana iko kwenye neno linalofuata.

Sasa sikia kosa unaloliendea mbio. Unachukua neno la Kiswahili, unalitafutia "get" yake kwenye orodha, unamtupia mgeni. "Shuka" kwenye hizo orodha utaikuta ni "get down", na ukiangalia unaona sawa tu, "down" si chini? Ndiyo, ni chini. Ila mtu akipigiwa kelele "Get down!" anachoelewa ni inama, lala, jifiche. Fikiria boti imegusa mchanga wa Gombe, wewe na tabasamu lako unasema "Get down, get down!", na watu wanane wanalala kifudifudi wakisubiri risasi. "Get down" ya kushuka ipo, lakini ni ya mti, ukuta, ngazi, meza: "Get down from there", mtoto anaambiwa ashuke juu ya kabati.

Kwa vyombo vya usafiri kuna mgawanyo, na huu ndio wa kuukalia hata saa zima. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, yaani treni, basi, meli, ndege, ni "get on" kupanda na "get off" kushuka. Cha kukalia kwa kutanua miguu, baiskeli au bodaboda, vilevile. Cha kujikunja ukaingia na kukaa papo hapo, teksi, bajaji, mtumbwi, ni "get in" na "get out of". Kwa hiyo meli ya Liemba ni "get on", boti ndogo ya Kibirizi ni "get in". Mtu wa treni anapanda Tabora, "gets on at Tabora", anashuka Kigoma, "gets off at Kigoma". Na angalia hiyo "of": "get out of the boat" inaitaka, "get off the train" haiitaki.

Halafu "Get out!" ikibaki peke yake ni kufukuza. Mgeni kalipa hela yake, unamwambia "Get out!", hiyo bakshishi utaisikia kwenye bomba. Sema "We can get out here."

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni kila "pata" kuigeuza "get". Nilipata ajali ni "I had an accident". Tumepata mtoto ni "We've had a baby"; ukisema "I got a child" inasikika kama umemwokota mahali. Karibuni mpate chai ni "have some tea".

Tukirudi kwa mzigo wa hamali. Ikifuata nomino, ni kupata, kupokea, kununua au kuleta: "Get me some water", niletee maji. Ikifuata sifa, ni kubadilika hali, na hapo Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi chake kizima: "get tired" choka, "get wet" lowa, "get angry" kasirika. Ukitafuta "pata" humo utapata kichaa. "It's getting dark", giza linaingia. Ikifuata kitenzi cha kutendwa, kazi yake ni ile ya -wa yetu: "He got bitten by a baboon", kang'atwa na nyani. Nyani wa Gombe wanapenda mikoba yenye chakula, kwa hiyo sentensi hiyo iweke karibu.

Mpangilio ndio unaoumiza. "I'll get the engine fixed", nitaipeleka injini itengenezwe: kitu kinakaa katikati. Ukimeza injini ukasema "I'll get fixed tomorrow", mgeni atakupa pole, maana kwa lugha yao ya mtaani hivyo ndivyo wanavyosema mbwa akienda kuhasiwa.

Kwa mtu, weka "to": "Get the captain to wait", mwombe nahodha asubiri. "Make" haitaki hiyo "to", ni "make him wait", ndipo wengi wanapochanganya. Ikifuata "to" na mahali, ni kufika: "We get to Gombe before noon." Ikifuata "to" na kitenzi, ni kupata nafasi: "You might get to see the chimps." Hiyo "might" usiiache, sokwe hawasaini mkataba na mtu.

Zile za vijineno vya mwisho, "get up" amka, "get over" pona, "get by" jikimu, zichukue kama vitenzi vipya kabisa, kumi zinakutosha kuanzia. "Gotten" ni ya Wamarekani wakiwa na maana ya kupata au kuwa, Waingereza husema "got". Ila "I've got", yaani nina, ni "got" kwa wote wawili.

Daftari liandike upya hivi: safari nzima kwa Kiswahili, tangu ufukwe wa Kibirizi hadi kurudi, sentensi ishirini tu. Kila moja jiulize kwanza kama inahitaji "get" kabisa. Mfano vaeni barakoa kabla ya kuwakaribia sokwe: orodha yako itakwambia kuvaa ni "get dressed". Sema "Put your masks on, please." Ukiwaambia "Get dressed", kila mmoja atajikagua kama suruali ipo.